Ukuaji, Ukulio na Ukuzaji: Istilahi za Kutathmini Kazi ya Kocha wa Kotabeki katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Mfasiri wa habari za michezo huzoea kudhani kwamba ugumu wa kazi yake umo katika majina ya vitu: jina la nafasi ya mchezaji, jina la kosa, jina la kifaa. Majina hayo yana usumbufu wake, lakini aghalabu hupatikana kwa kutohoa au kwa kueleza. Ugumu ulio mkubwa zaidi umo katika maneno ambayo kila mtu anaamini kwamba anayajua, kama vile kufundisha, kuendeleza na kupima. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano wa mchezo ulio mbali na viwanja vyetu, nao ni futiboli ya Marekani inayochezwa na vyuo vikuu. Huko kuna swali linalogombaniwa kila mwaka: ni kocha gani anayejua kumkuza mchezaji aitwaye kotabeki, na tutajuaje kwamba ni yeye aliyemkuza?

Majina tuyapitie haraka. Mchezo wenyewe tunauita futiboli ya Marekani kwa sababu soka, kandanda na kabumbu yamekwisha kushikwa na mchezo mwingine, na kuuita mpira wa miguu ni kumpoteza msomaji, kwani mpira huu hubebwa na kurushwa kwa mikono muda mwingi kuliko unavyopigwa kwa mguu. Kuhusu chuo, twawaonya wenzetu wa maofisini wasiandike chuo peke yake. Kwetu neno hilo huchukua pia chuo cha ualimu na chuo cha ufundi, ilhali mashindano tunayoyazungumzia ni ya vyuo vikuu.

Jina la kotabeki ladai maelezo zaidi. Mchezo wa kwanza wa vyuo vikuu ulichezwa mwaka 1869 kati ya Rutgers na Princeton, nao ulifanana zaidi na soka. Mwaka 1880 Walter Camp wa Yale alifaulu kuleta kanuni ya kuanza kila pambano kwa timu moja kuumiliki mpira: mchezaji wa katikati huurudisha kwa mwenzake aliye nyuma yake. Wachezaji wa nyuma waliitwa kwa kadiri ya umbali wao kutoka mstari wa mbele, mmoja robo, wengine nusu, mwingine umbali kamili. Kurusha mpira kwenda mbele hakukuruhusiwa mpaka mwaka 1906. Kwa hiyo jina la mtu huyu lilipima mahali aliposimama, muda mrefu kabla hajawa mrushaji tunayemwona leo. Atakayelifasiri neno kwa neno akapata “robo nyuma” atakuwa ametafsiri historia na kuiacha kazi.

Tulipima majina kadhaa. Nahodha halifai, maana kila timu ina manahodha wake na si lazima kotabeki awe mmojawapo. Rubani linapendeza, hasa kwa maana yake ya zamani ya mtu aongozaye chombo kupita miambani, lakini msomaji wa leo ataona ndege. Mrushaji ni sehemu tu ya kazi yake. Tumekubali kutohoa, kotabeki kwa umoja na makotabeki kwa wingi, kwa kufuata kota iliyokwisha kuingia katika lugha yetu kwa nyumba za polisi na za reli. Kasoro moja imebaki: beki wa soka ni mlinzi, naye kotabeki ndiye kichwa cha mashambulizi. Mfasiri na aseme hivyo mara ya kwanza anapolitumia neno, kisha aendelee.

Kazi yenyewe ni hii. Timu yenye mpira, wachezaji kumi na mmoja, ina majaribio manne ya kusogea yadi 10 katika uwanja wa yadi 100. Kabla ya kila jaribio kotabeki huusoma ulinzi: nani amesimama wapi, nani anajifanya atakuja na hatakuja. Mpira ukimfikia ana sekunde mbili tatu za kumtazama mpokeaji wa kwanza, wa pili, pengine wa tatu, huku miguu yake ikifuata macho, kisha aurushe mahali ambapo mpokeaji bado hajafika. Wanaomfundisha ni watatu kwa cheo: kocha mkuu, mratibu wa mashambulizi na kocha wa makotabeki, ingawa katika timu nyingi mtu mmoja hushika kazi mbili. Mwalimu wa timu ni jina zuri na la heshima, nalo limezoeleka Tanzania. Kenya husikika mkufunzi. Hatuna ugomvi na yoyote kati ya hayo. Kocha tumelichagua kwa sababu limezaa ukocha, na bila ukocha makala kama haya hayaandikiki.

Sasa tufikie kiini. Waandishi wa Marekani wana neno moja ambalo wafasiri wetu wamezoea kulitafsiri maendeleo. Husemwa kwamba kocha fulani ni hodari wa maendeleo ya wachezaji, au kwamba chuo fulani hakina maendeleo ya makotabeki. Neno hilo moja kwa Kiingereza halisemi kama mchezaji ameendelea au ameendelezwa. Huacha mlango wazi, na mwandishi mjanja hupitia hapo akiwa ametoa hoja bila kuithibitisha. Kiswahili hakina mlango huo. Kitenzi kukua hakimtaji mtendaji mwingine. Kitenzi kukuza, kwa kauli yake ya kutendesha, humtaja. Anayeandika ukuaji wa kotabeki ameshuhudia badiliko, na anayeandika ukuzaji wa kotabeki ametoa hukumu juu ya chanzo cha badiliko hilo. Walimu wanaosoma gazeti hili wanaijua tofauti hii vizuri kuliko sisi, kwa sababu wanaishi kati ya kufaulu na kufaulisha. Shule inayopokea wanafunzi waliochujwa wakachujika hufaulu kila mwaka. Kama inafaulisha ni swali lingine.

Tena lugha yetu ina daraja la tatu, nalo ndilo lenye manufaa makubwa kwa mfasiri. Ni kauli ya kutendea: kukulia. Tukisema fulani alikulia Tanga, tumetaja mahali palipombeba bila kudai kwamba Tanga ndiyo iliyomfanya mtu. Basi kotabeki aliyebadilika akiwa na kocha fulani amekulia mikononi mwake. Hilo ni la kweli hata kama hatujui bado ni nani aliyefanya kazi. Pale jina linapohitajika twapendekeza ukulio, tukikiri kwamba litasikika geni kwa muda. Makuzi halifai kwa kuwa huchanganya kukua na kukuza, na malezi huleta adabu na dini ndani ya jambo ambalo ni la mkono, jicho na miguu.

Tofauti hii si ya sarufi tu. Kijana wa miaka 17 na wazazi wake huchagua chuo kikuu kwa kuamini neno hili. Makocha huajiriwa na kufukuzwa kwalo. Na tangu Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, fedha zinazofuata neno hili zimeongezeka.

Kabla ya hukumu huja kipimo, na kipimo kinachotajwa zaidi katika vyuo vikuu ni kile kinachotumiwa na chama cha taifa cha michezo ya vyuo hivyo, NCAA, tangu mwaka 1979. Chukua yadi zote zilizopatikana kwa pasi, zidisha kwa 8.4. Ongeza 330 kwa kila tachidauni iliyotokana na pasi, yaani mpira kufikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani. Ongeza 100 kwa kila pasi iliyofika, toa 200 kwa kila pasi iliyonaswa na wapinzani, kisha gawanya kwa idadi ya pasi zote zilizorushwa. Kotabeki aliyerusha pasi 30, zikafika 20 kwa yadi 240, akapata tachidauni 2 na kunaswa mara 1, atapata 149.2. Waliokitunga walikipanga ili mrushaji wa wastani wa miaka ya 1965 hadi 1978 apate 100.

Tunakiita alama ya ufanisi wa pasi. Tumekataa kukiita alama ya ubora wa kotabeki, na sababu yake yaonekana katika hesabu yenyewe. Pasi fupi ya kumpa jirani, ambaye kisha akakimbia yadi 60 kwa miguu yake mwenyewe, huingia sawasawa na pasi iliyosafiri yadi 60 hewani na kumwangukia mtu kifuani. Mpokeaji akiudondosha mpira uliomfika mikononi, aliyeurusha ndiye anayepoteza. Kipimo hiki hupima kazi ya watu kadhaa kisha huandika jina la mmoja. Hatukilaumu kwa hilo, kwani kila takwimu ya mchezo wa timu ina dhambi hiyo. Tunachokataa ni tafsiri inayoificha.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Joe Burrow. Alianza Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 2015, na katika misimu yake huko hakupata kurusha hata pasi 40. Alipokwisha kupata shahada, mwaka 2018 alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU. Msimu huo pasi zake zilifika kwa asilimia 57.8, akapata tachidauni 16 na alama ya ufanisi ya 133.2, kazi ya heshima isiyomtoa mtu kitini. Msimu wa 2019 pasi zilifika kwa asilimia 76.3, tachidauni 60, alama 202.0. LSU ilishinda michezo yote 15, ikaifunga Clemson 42 kwa 25 katika fainali ya Januari 2020, naye Burrow akapewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vikuu.

Ni nani aliyefanya nini? Kati ya misimu hiyo miwili alifika Joe Brady, kijana aliyekuwa msaidizi katika timu ya kulipwa ya New Orleans, akapewa kazi ya kuratibu mchezo wa pasi pamoja na mratibu wa mashambulizi, Steve Ensminger. Mfumo ulibadilika, wapokeaji wakatawanywa uwanjani kwa upana, na kotabeki akaachiwa uamuzi zaidi. Mwisho wa msimu Brady alipata tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora. Wengi waliandika, na bado huandika, kwamba Brady alimkuza Burrow.

Lakini tazama waliobaki uwanjani. Justin Jefferson na Ja’Marr Chase, wapokeaji wawili ambao baadaye walikuja kuwa miongoni mwa walio bora kabisa katika mchezo wa kulipwa, walikuwa LSU mwaka 2018 pia, wakiwa bado wachanga. Mwaka 2019 kila mmoja wao alipata zaidi ya yadi 1,500, na Chase akapewa tuzo ya Biletnikoff ya mpokeaji bora. Burrow mwenyewe alikuwa na mwaka wa pili katika timu ileile, na nyuma yake miaka mitatu ya kusoma na kungojea Ohio ambayo hakuna takwimu iliyoiandika. Msimu wa 2020 Burrow, Brady na Jefferson walikuwa wamekwenda kwenye mchezo wa kulipwa, Chase alijitoa, na LSU ilishinda michezo 5 na kupoteza 5. Vitu vilivyoingia pamoja vilitoka pamoja, na kwa hiyo kuporomoka huko hakumthibitishi mmoja wao. Hapa mfasiri mwaminifu ataandika kwamba Burrow alikulia LSU katika msimu wa Brady. Akitaka kuandika alikuzwa na Brady na aandike, mradi awe ameona katika habari anayoifasiri neno la mwandishi lenye uzito huo.

Lincoln Riley ana mzigo tofauti wa ushahidi. Akiwa Oklahoma, kotabeki wake Baker Mayfield alipata Heisman mwaka 2017, Kyler Murray mwaka 2018, na Jalen Hurts akawa wa pili katika kura za mwaka 2019. Watatu mfululizo si bahati. Hata hivyo wote watatu walikuwa wahamiaji: Mayfield alitoka Texas Tech, tena alifika Oklahoma kabla ya Riley; Murray alitoka Texas A&M; Hurts alitoka Alabama akiwa amekwisha kuwa kotabeki wa kwanza kwa misimu miwili. Wenye shaka husema Riley alipokea vyakula vilivyokwisha iva. Shaka hiyo ina haki yake, lakini haitoshi. Hurts alikuwa na alama 139.1 katika msimu wake wa kwanza Alabama, na 191.2 katika msimu wake mmoja wa Oklahoma. Mchezaji yuleyule, mikono mingine. Kwa upande wa pili, Spencer Rattler, aliyeingia Oklahoma moja kwa moja kutoka shule ya sekondari akiwa na sifa zote, aliwekwa benchi Oktoba 2021 na kuhamia South Carolina. Aliyechukua nafasi yake, Caleb Williams, naye alikuwa ametoka sekondari moja kwa moja. Alimfuata Riley Chuo Kikuu cha Kusini mwa California akapata Heisman ya mwaka 2022.

Kwa maoni yetu, mfululizo kama huo ndio unaoruhusu neno kukuza. Kocha aonekane na wachezaji zaidi ya mmoja, wa asili mbalimbali, na wale waliomshinda wahesabiwe pamoja na waliomtukuza. Tathmini inayowataja washindi peke yao ni tangazo. Aidha ushahidi wa macho usidharauliwe. Wenye ujuzi huangalia filamu za michezo na kuuliza mambo ambayo alama haiyajui: je, macho ya kijana yanamfikia mpokeaji wa tatu, au bado yanaganda kwa wa kwanza? Miguu yake ikisumbuliwa hukaa imara? Anajua kuutupa mpira nje ya uwanja kuliko kulazimisha pasi? Hayo ni mambo yanayofundishika, na badiliko lake laweza kufuatwa mazoezi kwa mazoezi hadi kwa mwalimu wake.

Kuna na upande wa pili, wa kocha anayelaumiwa kwa kukosa kukuza. Josh Allen alicheza Wyoming hadi mwaka 2017, na pasi zake huko zilifika kwa asilimia 56 tu. Katika timu ya kulipwa ya Buffalo zilifika kwa asilimia 52.8 mwaka 2018, na asilimia 69.2 mwaka 2020. Ni rahisi kusema Wyoming ilimdumaza na Buffalo ikamkuza. Ila mwaka huo wa 2020 ndio Buffalo iliyompata mpokeaji Stefon Diggs, na Wyoming ndiyo iliyomchukua kijana huyo kutoka chuo kidogo cha miaka miwili wakati vyuo vikubwa havikumtaka. Kudumaza nacho ni kitenzi cha kutendesha, kinadai ushahidi uleule.

Yamebaki maneno mawili matatu ya kazi. Orodha ambayo mchezaji huandikisha jina lake akitaka kuhama, iliyoanzishwa Oktoba 2018, Wamarekani wameipa jina la lango. Sisi twasema daftari la uhamisho, kwa kuwa ni daftari. Daftari hilo limeifanya tathmini kuwa ngumu zaidi, hasa tangu mwaka 2021 wachezaji wengi waliporuhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima: kotabeki aweza sasa kukulia kwa makocha watatu katika miaka minne, na kila mmoja akamdai. Msimu ambao mchezaji hufanya mazoezi bila kuhesabiwa kuwa ametumia haki yake ya kucheza, wao huuita kwa rangi ya fulana. Tumeuita mwaka wa kungojea, na twamsihi mfasiri asiuruke anapoukuta katika maelezo ya maisha ya mchezaji, maana huenda ndio mwaka uliofanya kazi.

Neno ambalo halijaturidhisha ni la kile kijieneo ambacho wakingaji humzungushia kotabeki anapotaka kurusha. Kwao ni mfuko. Kwetu mfuko hauvunjwi wala hauingiliwi, hutoboka tu. Ngome ilipendekezwa, lakini ngome haihami, na eneo hili husogea pamoja na watu. Kwa sasa twatumia zizi: huzungushwa kwa miili, huegemewa likapinda, na likivunjwa aliye ndani hana budi kukimbia. Mwenye neno lililo bora na atuandikie pamoja na sentensi tatu za matumizi, moja yake ikiwa na kitenzi cha kuvunjika.